Meza ya kuchorea ya mtoto: jinsi ya kuitengeneza nyumbani na mambo ya kuangalia anapoitumia

Mama, baba, bibi au dada unayelea mtoto mdogo, ukurasa huu ni wako. Unaeleza jinsi ya kumtengenezea mtoto wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi mitano meza ndogo ya kuchorea, kwa mabaki ya mbao, kreti au hata boksi. Unaeleza pia jambo ambalo fundi seremala hatakuambia: ukiketi na mtoto kwenye meza hiyo dakika chache kila siku, utaona mapema kama mikono, macho na masikio yake yanakwenda sawa.

Kwa nini mimi muuguzi nazungumzia meza

Mtoto akiwa mchanga tunampeleka kliniki kila mwezi. Anapimwa uzito, anachanjwa, muuguzi anamwona. Akishapata chanjo ya pili ya surua na rubela akiwa na miezi 18, safari za kliniki hupungua. Nikitembelea kaya nakuta kadi za watoto wa miaka mitatu zimeishia hapo hapo. Mtoto anaonekana mzima, anacheza, anakula, hivyo hakuna anayeona haja ya kumrudisha mpaka siku ya kuandikishwa shule.

Katikati hapo kuna miaka mitatu au zaidi, na ndiyo miaka ambayo ubongo wa mtoto unakua kwa kasi sana. Tatizo la mkono, la macho au la masikio likijulikana katika miaka hiyo, husaidiwa kwa urahisi zaidi kuliko likigunduliwa darasa la kwanza, mtoto akiwa ameshaitwa mvivu au mzito wa kuelewa. Ndiyo maana Tanzania ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Programu hiyo inahesabu mambo matano ambayo mtoto anayahitaji kwa pamoja: afya bora, lishe, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio, na ujifunzaji wa awali. Meza ndogo nyumbani inagusa angalau matatu ya mwisho.

Kuchora kunafanya nini mwilini

Mtoto anaposhika chaki, misuli midogo ya vidole inafanya kazi. Macho yanaufuata mkono. Mkono mmoja unachora, mwingine unashikilia karatasi isiteleze. Mgongo na shingo vinajizuia ili akae wima. Ujuzi huu ndio atakaoutumia kufunga vifungo vya shati, kushika kijiko, kumenya ndizi, na baadaye kuandika.

Kwa nini basi asichore sakafuni tu? Anaweza, na kwa mtoto mdogo sakafu ni mahali pazuri. Lakini akilala kifudifudi kwa muda mrefu mabega yanachoka, na akichorea kwenye meza ya watu wazima miguu inaning'inia na mikono inainuliwa juu kama anapanda ukuta. Mtoto ambaye miguu yake haijakanyaga kitu hutumia nguvu nyingi kujizuia asianguke, na vidole hubaki na nguvu kidogo. Meza ya kimo chake humwachia vidole vifanye kazi.

Mpime mtoto kwanza

Usianze na mbao. Anza na mtoto na futi ya kupimia.

1. Mkalishe kwenye kigoda. Nyayo zote ziguse chini, mapaja yawe sawa, magoti yapinde vizuri. Kama miguu inaning'inia, kigoda ni kirefu.
2. Akiwa amekaa wima na mikono ubavuni, mkunje kiwiko. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko.
3. Hicho ndicho kimo cha meza. Ikizidi kwa upana wa vidole viwili si neno.

Kwa watoto wengi wa miaka 2 hadi 3, kigoda hutoka sentimita 20 hadi 25 na meza sentimita 40 hadi 45. Kwa miaka 4 hadi 5, kigoda sentimita 28 hadi 30 na meza sentimita 48 hadi 52. Watoto hawalingani, kwa hiyo kipimo cha mwili wake ndicho cha kufuata. Kigoda kisiwe mbuzi ya kukunia nazi, hata kama umeukunja ule mkono wenye meno.

Njia tatu za kuitengeneza

Chagua kulingana na ulicho nacho. Zote tatu zinafaa.

Meza ya boksi. Tafuta boksi gumu dukani, lile la mafuta ya kula au sabuni. Ligeuze mdomo uangalie chini. Kwenye pande mbili ndefu zinazotazamana kata umbo la nusu duara kubwa, ili mtoto anayekaa kwenye mkeka apitishe miguu chini. Toa pini zote za chuma kabla hujampa. Itadumu wiki chache, kisha utatafuta jingine.

Meza ya kreti. Chukua kreti mbili tupu za soda zinazolingana, zigeuze, na uweke ubao juu yake. Funga ubao kwa kamba kwenye kreti zote mbili, la sivyo mtoto akiegemea upande mmoja ubao utainuka na kumpiga. Kimo chake kinafaa mtoto anayekaa kwenye mkeka.

Meza ya mbao. Hii atakua nayo. Mpelekee fundi vipimo hivi, kwa mfano wa meza ya kimo cha sentimita 45:

- Ubao wa juu: plaiwudi ya milimita 18, sentimita 80 kwa 60. Inatosha watoto wawili.
- Miguu minne: mbao ya inchi 2 kwa 2, kila mmoja sentimita 43. Unene wa ubao wa juu unakamilisha kimo.
- Fremu ya kushikilia miguu chini ya ubao: sentimita 70 kwa 50, miguu ikiwa kwenye kona za ndani za fremu.

Mwambie fundi atumie skrubu na gundi ya mbao. Misumari hulegea meza ikisukumwasukumwa, na vichwa vyake hutokeza. Kona nne za ubao zikatwe kwa mviringo. Kila sehemu ipigwe msasa mpaka ukipitisha kiganja usisikie ukwaruzo, hata chini ya ubao, maana huko ndiko vidole vya mtoto hushika.

Ikikamilika, ijaribu mwenyewe. Egemea kona moja kwa uzito wako. Ikiinuka upande wa pili au ikicheza, irudi kwa fundi.

Mbao na rangi za kuepuka

Hapa naomba usome taratibu, maana vitu vya bure wakati mwingine vina sumu.

- Mbao zilizopakwa rangi ya zamani. Rangi nyingi za zamani, na baadhi ya mpya, zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto kimyakimya. Usiikwangue wala usiipige msasa, kwa sababu vumbi lake ndilo baya zaidi. Iache mbao hiyo.
- Mbao zenye dawa. Zile za kuezekea zenye rangi ya kijani, na vipande vya nguzo za umeme, mara nyingi zimetiwa dawa zenye sumu, nyingine zikiwa na aseniki. Ni nzuri kwa paa, lakini mtoto anayeweka mikono mezani kisha mdomoni zitamdhuru.
- Mbao za paleti zenye muhuri wa MB. Herufi hizo zina maana kwamba mbao zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya kuulia wadudu. Zenye HT zilikaushwa kwa joto, na hizo zinafaa.

Meza ya mtoto haihitaji rangi. Mbao iliyopigwa msasa vizuri inatosha. Ukitaka kuipaka, nunua rangi ya maji iliyoandikwa kwenye kopo kwamba haina risasi, ipake nje ya nyumba, na iache ikauke kabisa siku kadhaa kabla mtoto hajaigusa.

Jambo moja zaidi: tina, vanishi na mafuta ya taa visikae kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anaona soda, anakunywa. Ikitokea amekunywa, usimtapishe na usimnyweshe maziwa ili kuzimua. Mkimbize hospitali ukiwa na chupa yenyewe mkononi.

Vifaa vya kuchorea vya nyumbani

Chaki, penseli nene na kalamu za rangi za nta zinatosha kuanzia. Kwa mtoto mdogo, vunja chaki au kalamu ya nta ibaki fupi kama nusu ya kidole chako, kwa mtoto aliyezidi miaka mitatu. Kipande kifupi humlazimisha kushika kwa ncha za vidole. Wa chini ya miaka mitatu mpe kipande kinene na kirefu, kwa sababu kifupi atakimeza. Karatasi ziwe zilizotumika upande mmoja, mifuko ya khaki iliyopasuliwa, au upande wa ndani wa maboksi.

Rangi ya vidole unaweza kuipika. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo kwenye vikombe vitatu vya maji baridi, bandika jikoni, koroga mpaka uwe kama uji mzito, kisha upoze kabisa. Gawa kwenye vikopo. Manjano uliyotwanga mwenyewe hutoa rangi ya njano, maji ya rozela hutoa nyekundu, mkaa uliosagwa laini hutoa nyeusi. Usitumie unga mbichi, maana unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Itumie siku hiyo hiyo, kinachobaki mwaga.

Kupima kama kitu ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, chukua kile kigogo cha katikati cha karatasi ya chooni. Kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba. Shanga, maharage, vifungo, sarafu na vifuniko vya chupa viondoe mezani. Maharage huishia pia puani na sikioni. Usiyachokonoe kwa pini wala njiti, mpeleke kituo cha afya. Betri ndogo bapa kama kidonge, za saa na za vifaa vya kuchezea, ni hatari kuliko vyote. Ikimezwa huanza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usingoje itoke yenyewe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Weka meza karibu na dirisha au mlango wenye mwanga, mbali na jiko, chupa ya chai na waya za umeme. Baada ya kuchora, mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, na meza ifutwe.

Ukikaa naye, fanya hivi

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Unaweza kuchambua mchele huku umekaa naye. Muhimu ni uso wako uwepo na simu iwe mbali.

Sema unachokiona: "Naona umechora mstari mrefu." Subiri. Akisema au akiguna, mjibu. Swali la "Hiki ni nini?" mara kumi humfanya ajione yuko kwenye mtihani. Mwambie badala yake, "Hebu nieleze."

Usimshike mkono kumwandikisha a, e, i, o, u akiwa na miaka miwili. Najua jirani anajisifu kwamba wake anaandika jina. Vidole vya mtoto mdogo havijakomaa kwa kazi hiyo, na anayelazimishwa mapema hujifunza kwanza kuichukia penseli. Vifuatavyo ndivyo watoto wengi hufanya, na ni kawaida mmoja kutangulia au kuchelewa kidogo:

- Miezi 12 hadi 18: anashika kalamu kwa ngumi na kuacha alama.
- Miaka 2 hivi: anaiga mstari ukiuchora mbele yake.
- Miaka 3: anaiga duara.
- Miaka 4: anaiga alama ya kujumlisha, na mtu wake ana kichwa na miguu.
- Miaka 5: anachora mraba au pembetatu, na anajaribu baadhi ya herufi.

Mtoto wa mkono wa kushoto

Tumekuzwa tukiambiwa mkono wa kulia ndio wa kulia chakula na wa kusalimia, na wazazi wengi huogopa wakiona penseli imeenda kushoto. Baadhi hufunga mkono huo kitambaa, wengine hupiga kofi. Naomba usifanye hivyo. Mkono anaoupenda mtoto hupangwa na ubongo wake, hajakosa adabu. Kumlazimisha hakubadilishi ubongo, humfanya aandike vibaya na kwa woga. Adabu ya mezani na ya salamu mfundishe taratibu ukipenda, lakini penseli mwachie mkono anaouchagua. Weka chaki katikati ya meza, yeye aamue.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Katika mwaka wa kwanza na nusu watoto hutumia mikono yote miwili bila ubaguzi mkubwa. Mtoto ambaye kabla ya miezi 18 anatumia mkono mmoja tu daima, na ule mwingine umekunja ngumi, ni mgumu au unaachwa ubavuni, anaweza kuwa na udhaifu wa upande mmoja. Hiyo inaweza kuwa dalili ya mtindio wa ubongo. Wengi hufurahi wakisema "amewahi kujua mkono wake." Mpeleke aangaliwe. Mazoezi yakianza mapema, mkono ule husaidika.

Dalili nyingine za kumpeleka kituo cha afya

- Anaweka uso karibu sana na karatasi, anageuza kichwa ili aone kwa jicho moja, au jicho lina kengeza.
- Mboni ya jicho inaonekana nyeupe, au inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu. Hii isingoje hata wiki, kwani inaweza kuwa saratani ya jicho.
- Ukimwita jina akiwa amekupa mgongo hageuki, au amefika miaka miwili na haunganishi maneno mawili kama "mama njoo."
- Amepita miezi 18 na hashiki kitu kwa vidole vyake, au mikono inatetemeka sana.
- Alikuwa anaweza kitu, sasa hawezi tena.

Dalili moja haimaanishi moja kwa moja kuwa ana ugonjwa. Inamaanisha aonwe. Nenda na kadi yake ya kliniki na michoro miwili au mitatu ya karibuni, na umweleze muuguzi umeona nini na tangu lini. Maelezo yako ni kipimo kizuri kuliko dakika kumi anazokaa naye yeye.

Kama mtoto ana ulemavu

Meza ni yake pia. Kwa mtoto ambaye hakai imara, mwombe fundi akate nusu duara kwenye ukingo wa ubao, kifua kiingie hapo na viwiko viegemee pande zote. Kunja khanga mbili, ziweke ubavuni zimshikilie. Kwa mkono usiokaza, zungushia penseli kitambaa mpaka inenepe. Karatasi ibandikwe mezani kwa gundi ya karatasi ili isikimbie. Asipoweza kushika kabisa, apake rangi kwa kiganja. Na umjibu kwa maneno kama unavyowajibu wengine.

Anza leo

Kama huna mbao wala pesa ya fundi, boksi la dukani na kipande cha chaki vinatosha kwa leo jioni. Andika tarehe nyuma ya kila mchoro na uhifadhi mmoja kila mwezi pamoja na kadi ya kliniki. Baada ya miezi sita, vipange sakafuni kwa mfuatano. Ukiona vinasonga mbele, furahi na mtoto wako. Ukiona vimesimama au vimerudi nyuma, ongea na mhudumu wa afya wa kijiji au mtaa wako, au nenda kituo cha afya kilicho karibu, hata kama hakuna chanjo inayokusubiri.